Gari likitetemeka asubuhi: pima kwanza, nunua baadaye

Leo naweka kando mambo ya tovuti na hifadhidata. Au tuseme siyaweki kando sana, kwa sababu nataka kuzungumzia tarakilishi ambayo wengi wenu mnaiendesha kila siku bila kuiona. Imo ndani ya gari lako. Ni kisanduku kimejificha nyuma ya dashibodi, hakina skrini wala kibodi, na kazi yake ni kuamua, tena na tena kila sekunde, petroli kiasi gani iingie kwenye injini.

Niseme maoni yangu mapema ili asiye na muda aende zake: gari kuukuu la injekta linapotetemeka asubuhi likiwa baridi, shida kubwa kuliko zote si plagi wala sensa. Shida kubwa ni kwamba sisi wenye magari tunakubali kulipia spea lakini hatukubali kulipia kupima. Na mradi tunalipa hivyo, tutaendelea kuuziwa spea.

Sasa kwa wenye muda, tukae kitako.

Dalili zenyewe

Mnaijua hali hii. Ni Julai, saa kumi na mbili asubuhi, Nairobi baridi inakata. Unazungusha ufunguo, injini inashika, halafu inaanza kutetemeka kama mtu mwenye malaria. Sindano ya mizunguko inashuka hadi 500, inapanda 900, inashuka tena. Ukikanyaga akseleta kidogo inakohoa. Wakati mwingine inazima kabisa. Kisha baada ya dakika tano hivi, kimya! Inanguruma vizuri kama haikuwahi kuwa na neno.

Unalipeleka gereji saa nne. Limeshapita kwenye foleni ya Waiyaki Way, liko moto. Fundi anafungua boneti, anasikiliza, anasema, "Mkubwa, hii iko sawa." Wenzangu wa programu mnalijua jibu hilo. Ndilo tunalowapa wateja tunaposema "kwangu inafanya kazi".

Kwa hiyo kanuni ya kwanza kabisa: hitilafu ya baridi itafutwe injini ikiwa baridi. Gari lilale hapo gereji, au fundi aje kwako alfajiri. Kulichunguza likiwa moto ni kusaka mdudu kwenye seva ambayo mdudu hayumo.

Nini kimebadilika katika dakika kumi?

Hili ndilo swali ambalo lingeokoa pesa nyingi kama tungeliuliza. Gari ni lile lile, petroli ni ile ile, plagi ni zile zile. Saa kumi na mbili linatetemeka, saa kumi na mbili na dakika kumi limetulia. Basi chanzo lazima kihusiane na kitu kilichobadilika katika hizo dakika kumi. Na vitu hivyo si vingi:

1. Joto la maji ya injini, na jinsi kompyuta inavyolisoma.
2. Vali ya hewa ya aidoli (aidoli ni pale injini inapozunguka yenyewe bila mguu kwenye akseleta). Ikiwa baridi inatakiwa kufungua zaidi.
3. Chuma na mpira. Vikipata joto vinatanuka, na ufa uliokuwa unavuta hewa unaweza kujiziba.
4. Betri, ambayo imetoka tu kubeba mzigo wa stata.
5. Petroli yenyewe, jinsi inavyogeuka mvuke.

Nianze na hilo la mwisho kwa sababu ndilo msingi. Petroli majimaji haiwaki vizuri. Kinachowaka ni mvuke wake uliochanganyika na hewa. Injini ikiwa baridi, sehemu kubwa ya petroli inayorushwa na injekta inaganda kwenye kuta za njia ya hewa badala ya kuwa mvuke. Kwa hiyo ni lazima urushe nyingi zaidi ili hicho kidogo kinachogeuka mvuke kitoshe. Injini iliyo moto inataka takriban sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu 1 ya petroli kwa uzito. Ikiwa baridi inahitaji petroli zaidi ya hapo. Enzi za kabureta kazi hiyo ilifanywa na choki, na dereva mwenyewe aliivuta kwa mkono. Kwenye gari la injekta choki haipo. Kompyuta inasoma joto la maji kisha inaamua yenyewe.

Hebu soma tena sentensi hiyo ya mwisho. Kompyuta haijui kama kuna baridi. Inajua kile ilichoambiwa na sensa MOJA ndogo yenye waya mbili. Sensa ikisema uongo, kompyuta itafanya hesabu sahihi kabisa kwa data isiyo sahihi. Tuliosoma sayansi ya kompyuta tulifundishwa hilo mwaka wa kwanza: takataka ikiingia, takataka itatoka.

Mikate ya Kinoo

Mfano halisi. Nina jirani mwenye Corolla 110 ya mwaka 1998, injini ya 5A-FE. Anasambaza mikate kwenye vibanda vya Kinoo na Uthiru, na lazima awe barabarani kabla ya saa kumi na mbili na nusu, maana mkate ukifika saa mbili, wateja wa chai wameshaondoka. Gari likaanza kutetemeka na kuzima asubuhi. Katika muda wa mwezi mmoja na nusu alibadilishiwa plagi nne, kisha waya za plagi, kisha sensa ya oksijeni, kisha pampu ya petroli iliyotoka Japani ikiwa imeshatumika. Zaidi ya shilingi elfu ishirini na tano zikaenda. Gari likaendelea kutetemeka vile vile, na vibanda viwili vikaanza kuchukua mikate kwa mtu mwingine.

Akanijia akaniambia, "Wewe kijana wa kompyuta, si wanasema hii nayo ina kompyuta?" Nikamwambia tukutane Jumamosi alfajiri, na gari asiliguse.

Nilikwenda na multimita, kipimajoto cha jikoni na vipande vya resista. Hewa ilikuwa nyuzi 13 za selsiasi. Gari lilikuwa limelala usiku kucha, kwa hiyo maji ya injini nayo yalikuwa karibu na hapo. Nikachomoa soketi ya sensa ya joto la maji, nikapima ukinzani. Ohmu 900.

Sasa linganisha. Sensa ya Toyota ya aina hii hupungua ukinzani kadiri joto linavyopanda. Vitabu vya Toyota vinasema kwenye nyuzi 20 iwe kati ya ohmu 2,000 na 3,000, na kwenye nyuzi 80 iwe kati ya 200 na 400. Kwa nyuzi 13 nilitarajia ohmu 3,000 na zaidi kidogo. Ohmu 900 ni kama nyuzi 48 hivi. Yaani kompyuta ilikuwa inaambiwa kila alfajiri kwamba injini imeshapata joto la kutosha, na yenyewe kwa utiifu ikawa inabana petroli na kubana hewa ya aidoli. Injini ilikuwa inakufa njaa.

Lakini hapo bado sikumwambia anunue kitu. Kipimo kimoja ni dokezo, hakijawa ushahidi. Kwanza niliwasha ufunguo bila kuwasha injini, nikapima umeme kwenye soketi: volti 5, kwa hiyo waya kutoka kwenye kompyuta ni mzima. Kisha nikachomeka resista ya ohmu 3,300 kwenye soketi mahali pa sensa. Resista hiyo inaiambia kompyuta kwamba maji yako karibu nyuzi 13, yaani ukweli. Resista inauzwa shilingi chache tu pale Luthuli Avenue. Wenzangu mtaitambua mbinu: unaondoa kijenzi unachokishuku, unaweka cha bandia kinachotoa jibu unalolijua.

Akazungusha ufunguo. Injini ikashika mara moja, ikapanda hadi mizunguko 1,400 hivi, ikakaa hapo bila kutikisika. Hapo ndipo nilipomwambia, "Nenda kanunue sensa." Haikufika shilingi elfu mbili. (Hakikisha resista imetolewa mara tu baada ya jaribio. Ukiisahau humo, injini itamwagiwa petroli hata ikiwa moto.)

"Lakini taa ya injini haikuwaka!"

Hili ndilo linalowachanganya wengi, hata mafundi wazuri. Taa ya injini kwenye magari haya huwaka pale sensa inaposema jambo lisilowezekana: waya umekatika au umegusana. Kwenye Toyota za enzi hiyo msimbo huo ni 22, na kompyuta ikiuona inaacha kuisikiliza sensa na kujifanya kwamba maji yako nyuzi 80 ili gari liweze kufika nyumbani. Ohmu 900 si jambo lisilowezekana. Ni jibu la kawaida kabisa, ila si la kweli. Kompyuta inakagua kama thamani iko ndani ya mipaka. Haina njia ya kujua kama ni ukweli.

Kila aliyewahi kuandika fomu ya mtandaoni anajua tofauti hiyo. Fomu itakataa mtu aliyeandika umri wa miaka 300. Haitamkataa wa miaka 45 anayesema ana 30. Kwa hiyo kutokuwepo kwa msimbo wa hitilafu si ushahidi kwamba hitilafu haipo. Kumbuka pia kwamba sindano ya joto kwenye dashibodi kwa kawaida ina sensa yake nyingine kabisa. Inaweza kukuonyesha sawa huku kompyuta ikidanganywa.

Na hivi vifaa vya Bluetooth vinavyochomekwa chini ya usukani? Ni vizuri, nami ninacho. Lakini vinaongea lugha ya OBD-II, ambayo ilikuja kuwa lazima Marekani kwa magari ya mwaka 1996, na Ulaya kwa magari mapya ya petroli kuanzia mwaka 2001. Magari mengi ya miaka ya tisini yaliyotengenezwa kwa soko la Japani, ambayo ndiyo yaliyojaa kwetu, hayaiongei. Fundi akichomeka na kuambiwa "hakuna mawasiliano", hiyo haimaanishi kompyuta ya gari imekufa.

Kwenye Toyota hizo kuna njia yake. Chini ya boneti kuna kisanduku kidogo cha uchunguzi chenye kifuniko. Unaunganisha matundu ya TE1 na E1 kwa kipande cha waya, unawasha ufunguo bila kuwasha injini, kisha unahesabu jinsi taa inavyopepesa. Ikipepesa mfululizo mara mbili kwa sekunde, hakuna msimbo. Ikipepesa mara mbili, ikatulia, ikapepesa tena mara mbili, hiyo ni 22. Angalia vizuri maandishi ya kifuniko, maana tundu la +B lina umeme wa betri, na ukilishikanisha na E1 utaona cheche usizozitaka.

Dhambi tatu za gereji (na za ofisi zetu)

*Ya kwanza: kukaza skrubu ya aidoli.* Gari linazima asubuhi, basi fundi anazungusha skrubu hewa iingie zaidi. Kweli, haliwezi kuzima tena. Lakini likipata joto linazunguka 1,200 badala ya 700 au 800, linakula petroli kwenye kila foleni, na breki zinafanya kazi ya ziada kwa gari la gia za otomatiki. Huko kwetu tunaita kulikamata kosa na kulimeza kimya. Kosa halijaondoka, limenyamazishwa.

*Ya pili: kutoa thamostati.* "Tuko Afrika, hapa hakuna theluji, hii ya nini?" Nimeisikia mara nyingi. Thamostati ya injini hizi huanza kufunguka kwenye nyuzi 80 hadi 84, na kazi yake ni kuyazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto. Ukiitoa, asubuhi ya Limuru injini inaweza isifike joto lake safari nzima. Kompyuta inaona baridi, inaendelea kumwaga petroli, petroli inaosha oili kwenye kuta za silinda na kuchanganyika nayo. Ni sawa na kulifuta jaribio linalofeli ili ripoti yote ionekane ya kijani. Ikiwa injini inachemka, tafuta kwa nini inachemka.

*Ya tatu: kubadilisha vitu vinne kwa mpigo.* Hata ikipona, hujui kilichoiponya. Ikirudi kuugua, unaanza upya ukiwa na spea mpya nne za kushuku. Badilisha kimoja, jaribu asubuhi inayofuata, andika.

Na niongeze neno juu ya sensa ya oksijeni, kwa sababu hiyo imewalia watu pesa sana. Sensa hiyo inahitaji joto la nyuzi 300 hivi ndipo ianze kusema kitu cha maana. Dakika ya kwanza ya asubuhi yenyewe ni baridi, na kompyuta haiisikilizi. Inafuata jedwali lake la joto la maji. Mtu akikuuzia sensa ya oksijeni kwa tatizo la dakika mbili za mwanzo tu, mwulize kwa upole imeingiaje hapo.

Orodha yangu

Nikiitwa kwa gari la namna hii, huu ndio mpangilio. Naanza na vitu rahisi na vya bure.

1. Betri. Ikiwa imepumzika na imejaa iwe karibu volti 12.6. Wakati wa stata isishuke chini ya 9.6 hivi.
2. Petroli. Uliza tanki lilijazwa wapi. Mafuta ya taa yakichanganywa na petroli, mvuke unapungua na asubuhi ndiyo inayoumia zaidi. Tangu ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa ulipowekwa mwaka 2018 kuzuia uchanganyaji, faida ya wachanganyaji ilipungua. Hata hivyo kujaza kituo kingine mara moja ni jaribio ambalo halikugharimu kitu, maana petroli ungenunua tu.
3. Misimbo ya hitilafu, kama nilivyoeleza.
4. Sensa ya joto la maji, injini ikiwa baridi, kwa multimita. Halafu tena ikiwa moto. Thamani mbili ni bora kuliko moja.
5. Plagi. Si kuzibadilisha, KUZISOMA. Zitoe zote nne, zipange kwa mpangilio wa silinda. Zikiwa zote nyeusi masizi makavu, petroli ni nyingi kwa silinda zote, basi tafuta kitu kinachohusu zote. Ikiwa moja tu ni tofauti, shughulika na silinda hiyo: waya wake, injekta yake, vali zake.
6. Silinda moja moja. Injini ikitetemeka, chomoa soketi ya injekta moja, sikiliza, rudisha, nenda nyingine. Ile ambayo ukiichomoa hakuna kinachobadilika, ndiyo isiyofanya kazi.
7. Hewa ya wizi. Nyunyiza maji kidogo kwa chupa kwenye maungio ya manifoldi na paipu za mpira. Mlio ukibadilika, umepata ufa. Wengine hutumia dawa ya kusafishia kabureta. Inawaka moto, na sipendi kuiona karibu na cheche. Iwe maji au dawa, kaa mbali na distribyuta na waya za plagi.
8. Throtoli bodi na vali ya aidoli. Zikijaa masizi hewa haipiti. Kwenye injini nyingi za wakati ule vali hiyo inapashwa joto na maji ya injini, kwa hiyo rejeta ikipungua maji, aidoli nayo inavurugika. Angalia maji kabla hujaangalia vali.
9. Presha ya petroli. Ya mwisho kwa sababu inataka geji yake, si kwa sababu haina maana.

Katika namba 7 kuna jambo la kuzingatia. Toyota kama ile 110 hupima presha ndani ya manifoldi. Ikipata ufa, presha inapanda, kompyuta inadhani hewa ni nyingi, inaongeza petroli, na mara nyingi aidoli inapanda. Nissan nyingi za rika lake hupima hewa inayopita mlangoni. Ikipata ufa baada ya mlango, hewa hiyo haikuhesabiwa, petroli inapungukiwa, na injini inatetemeka. Ufa ule ule, dalili mbili tofauti. Ndiyo maana ushauri wa "binamu yangu alikuwa na tatizo kama hilo" hausaidii mpaka ujue binamu anaendesha gari gani.

Vitabu havikuandikwa Nairobi

Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Presha ya hewa hapa ni kama kilopaskali 82 au 83, wakati Mombasa ni 101 hivi. Geji ya vakyumu inayosomeka inchi 18 hadi 20 za zebaki Mombasa, kwa injini nzima kabisa, itasoma 12 hadi 15 hapa, maana unapoteza karibu inchi 1 kwa kila mita 300. Ukisoma kitabu bila kujua hilo utaambiwa pete za pistoni zimeisha, na huo ni ushauri wa kukufungulia injini nzima bure. Hata ukitaka kupima sensa kwa sufuria ya maji, kumbuka maji ya Nairobi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100.

Hii ndiyo sababu siamini kukariri majibu. Namba ina maana ukijua imepimwa wapi na katika hali gani.

Msiwalaumu mafundi peke yao

Najua kuna msomaji anasema, "Si useme tu mafundi wa jua kali hawajui injekta." Hapana, na hapa ndipo penye kiini cha maoni yangu.

Nimewaona mafundi wa Kirinyaga Road wanaotambua silinda mbovu kwa kugusa tu bomba la ekzosi. Ujuzi upo. Lakini hebu fikiria yeye anakulaje. Akitumia saa mbili alfajiri kupima, akagundua ni waya uliolegea wa kurekebishwa kwa mikono, atakudai nini? Sema ukweli: akikudai shilingi elfu mbili utamwambia, "Umeangalia tu halafu unataka pesa?" Lakini akikuuzia pampu ya elfu nane, utalipa, kwa sababu pampu unaishika mkononi. Tumemfundisha wenyewe kwamba fikira zake hazina bei na chuma kina bei. Naye akajifunza: kupima kunafichwa ndani ya spea, na spea ikikosea, tunabadilisha nyingine.

Sisi wa programu tunaumwa na ugonjwa huo huo. Unakaa siku tatu ukisaka mdudu, unampata, unabadilisha mstari mmoja. Mteja anasema, "Mstari mmoja tu?" Hajui kwamba analipia kujua NI MSTARI UPI. Tukilalamika kuhusu wateja hao, basi tusiwe wao tukifika gereji.

Kuna watakaosema wao hawana pesa ya kulipa mara mbili, kupima na spea. Mwenye mikate alilipa mara nne, na hakupata hata kipimo kimoja. Gharama ya kupima inaonekana kubwa kwa sababu inaandikwa peke yake. Gharama ya kubahatisha inafichwa kwenye risiti nyingine. Ni kweli kuna siku utalipia kupima na jibu litakuwa "sijapata". Hata hilo lina faida: limeondoa washukiwa kadhaa, na fundi wa pili hataanza sifuri, kama la kwanza liliandikwa.

Kwa hiyo pendekezo langu ni dogo. Kabla kazi haijaanza, patana bei ya kupima peke yake, hata kama hakuna spea itakayouzwa. Ilipe bila kununa. Halafu, kabla hujatoa pesa ya spea yoyote, uliza maswali matatu:

- Umepima nini?
- Umepata ngapi?
- Inatakiwa iwe ngapi?

Fundi aliyepima atajibu papo hapo, na wengi watafurahi kuulizwa. Aliyebahatisha atakuambia "hizi gari ndivyo zilivyo". Si gari.

Majibu yaandike kwenye daftari, kaa nalo garini pamoja na kitabu cha bima. Tarehe, joto la asubuhi, thamani, kilichobadilishwa. Magari haya ya miaka ya tisini bado yanabeba mikate, maziwa na watoto wa shule, na yatabeba kwa miaka kadhaa zaidi. Uzuri wake ni kwamba yako wazi: sensa ya waya mbili, namba kwenye kitabu, multimita ya bei ndogo kuliko seti ya plagi nzuri. Hayakufungwa kwa nenosiri la kiwanda. Ni aibu kuyatengeneza kwa ramli wakati yanakubali kuulizwa.

Mwenye Nissan au Mitsubishi ya rika hilo na namba za sensa zake alizozipima mwenyewe, atuwekee hapa chini, pamoja na joto la siku hiyo na mahali alipo. Zikipatikana za kutosha nitazipanga kwenye jedwali moja kwa faida ya wote. Tuonane wiki ijayo.